Siku 33 Zisizo na Riwaya: Serikali ya Muhammad Shamte na Ukimya wa Fasihi Yetu

Makala haya yametokana na swali nililouliza darasani mwaka jana, na jibu nililopata halikunitosha. Tulikuwa katika semina ya riwaya ya Kiswahili. Mwalimu alichora mstari ubaoni, akaugawa sehemu mbili: upande mmoja akaandika "kabla ya Mapinduzi", upande wa pili "baada ya Mapinduzi". Akatutaka tupange riwaya za Zanzibar katika pande hizo kwa kufuata wakati zinaousimulia, si wakati zilipochapishwa. Kazi ilikwenda vizuri. Kasri ya Mwinyi Fuad ikakaa pande zote mbili, Kuli ikakaa kushoto, Nyota ya Rehema kushoto, na kadhalika. Mie nikanyoosha mkono nikauliza: na zile siku baina ya tarehe 10 Desemba 1963 na tarehe 12 Januari 1964 tunaziweka wapi? Wenzangu wakacheka. Mmoja akasema, "Siku thelathini na tatu? Hizo si hata muda wa kuchapisha kitabu." Mwalimu naye akatabasamu, akasema ziko ndani ya ule mstari wenyewe, katika unene wa chaki.

Nimelifikiri sana jibu hilo. Mimi ni mtu wa Pemba. Waziri Mkuu wa siku hizo alikuwa mtu wa Pemba, mwalimu wa skuli. Nilipokuwa mdogo jina lake halikuwahi kutajwa mbele yangu kwa sauti ya kawaida. Lilitajwa kwa kunong'ona au halikutajwa kabisa. Kwa hiyo nanuia kufanya mambo mawili katika makala haya. Kwanza, kueleza kwa ufupi serikali hiyo ilikuwa kitu gani, maana nimegundua kuwa wanafunzi wengi wa fasihi hapa chuoni hawaijui. Pili, kuuliza kwa nini waandishi wetu, ambao hawakuogopa kuandika habari za mabwanyenye, wakoloni, manokoa na vizuizi, wameiruka.

Tuanze na historia. Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar lilianzishwa mwaka 1926, lakini wajumbe wake wote waliteuliwa. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957, kwa viti 6 tu, na wanawake hawakupiga kura. Muhammad Shamte aliingia barazani mwaka huo akiwa mmoja wa Washirazi wawili waliochaguliwa Pemba. Baadaye walikuwa pamoja na upande wa Afro-Shirazi Party (ASP) wa Mzee Abeid Karume, kisha mwishoni mwa mwaka 1959 wakajitoa na kuunda chama chao, Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP), ambacho wazee wetu wanakiita "Zipipi" mpaka leo. Chama cha tatu kilikuwa Zanzibar Nationalist Party (ZNP), yaani Hizbu, ambacho Sheikh Ali Muhsin Barwani alikuwa sauti yake kubwa.

Halafu ikaja Januari 1961. Viti vilikuwa 22. ASP ilipata 10, Hizbu 9, Zipipi 3. Katika hivyo 10 vya ASP, kimoja kilikuwa cha Chake Chake, na kilipatikana kwa kura moja. Naomba msomaji atue hapa kidogo. Kura moja! Bibi yangu alipiga kura siku hiyo, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wanawake wa Zanzibar kupiga kura. Anasema miaka mingi baadaye kila mtu wa Chake aliyempenda Karume alidai kwamba ile kura moja ilikuwa yake, na kila mtu aliyemchukia alimjua jirani aliyelala siku hiyo akachelewa kituoni. Mie nasema hiyo tayari ni riwaya. Mtu amelala kwa homa, au amekwenda kuchuma, au amegombana na mkewe asubuhi, na nchi nzima inabadilika kwa ajili yake. Mwandishi gani angekataa zawadi kama hiyo? Na bado hakuna aliyeiokota.

Wabunge watatu wa Zipipi waligawika: wawili wakaenda kwa Hizbu, mmoja akaenda kwa ASP. Ikawa 11 kwa 11. Serikali haikuweza kuundwa, kikaongezwa kiti cha 23 ili isitokee sare tena, na uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo huo. Safari hii ASP ilipata 10, Hizbu 10, Zipipi 3, na Hizbu na Zipipi wakaungana. Siku ya uchaguzi damu ilimwagika Unguja. Watu 68 walikufa, wengi wao wakiwa Waarabu wa mashamba, na mamia walijeruhiwa. Muhammad Shamte akawa Waziri Kiongozi. Hebu tazama hesabu: chama chenye viti 3 kati ya 23 ndicho kilichotoa kiongozi wa serikali, kwa sababu Hizbu walijua kwamba bila ya Zipipi hawana kitu, na kwamba ni bora nchi iongozwe na Mshirazi wa Pemba kuliko mtu wa mjini ambaye wapinzani wangemwita Mwarabu.

Tarehe 24 Juni 1963 Zanzibar ilipewa madaraka ya ndani, na Shamte akawa Waziri Mkuu. Wiki moja baadaye, tarehe 1 Julai, Sultani Abdullah bin Khalifa alifariki na mwanawe Jamshid akashika kiti. Mwezi huo huo ulifanyika uchaguzi wa mwisho, viti 31, na watu wazima wote wakiwa na haki ya kupiga kura. ASP ilipata asilimia 54 ya kura zote na viti 13. Hizbu ilipata viti 12 na Zipipi 6, jumla 18. Kwa sheria za uchaguzi zilizoletwa na Mwingereza, serikali ilikuwa halali. Kwa macho ya aliyeshindwa huku ana kura nyingi zaidi, ilikuwa dhuluma. Kauli zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja, na nadhani hapo ndipo ugumu wa kuandika habari hii unapoanzia.

Uhuru ulikuja usiku wa kuamkia tarehe 10 Desemba 1963, siku mbili kabla ya Kenya. Prince Philip alikuja kumwakilisha malkia wake. Tarehe 16 Desemba Zanzibar na Kenya ziliingia Umoja wa Mataifa siku moja. Nchi ilikuwa na mfalme wa kikatiba, bunge na Waziri Mkuu mwalimu. Asubuhi ya tarehe 12 Januari 1964 vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni vilitekwa, silaha zikagawiwa, na yote hayo yakaisha. Sultani alikimbia kwa meli. Alikaa Uingereza miongo mingi, akahamia Oman mwaka 2020 na kufariki huko Desemba 2024. Mawaziri hawakukimbia. Walifungwa, na wengine, kama Ali Muhsin, walikaa ndani kiasi cha miaka 10 katika magereza ya Bara.

Sasa swali la kihistoria: je, ilikuwa serikali ya mageuzi, au ilikuwa usultani uliovaa suti? Mwenzangu mmoja wa kozi ya historia aliniambia niangalie Ulaya ya 1848, nami nilikwenda maktaba kuangalia. Berlin, Machi 1848, watu waliinuka dhidi ya Friedrich Wilhelm wa Nne, mfalme wa Prussia. Mfalme aliogopa, akamteua Ludolf Camphausen, tajiri wa biashara kutoka Köln, mtu mpole wa mageuzi, aunde serikali tarehe 29 Machi. Camphausen alitaka katiba, bunge, na mfalme abaki. Watu wa mfalme walimwona msaliti. Watu wa mitaani walimwona kibaraka wa mfalme. Tarehe 14 Juni umati uliivunja ghala ya silaha ya Berlin. Tarehe 20 Juni Camphausen alijiuzulu. Hakufikisha miezi 3.

Nilipofika kwenye ile ghala ya silaha niliweka kitabu chini. Ziwani, nilijiambia. Mambo hayafanani kila kitu, najua. Mwalimu wangu wa fasihi linganishi angenifokea. Berlin mfalme alikuwa na jeshi lake, na kabla mwaka haujaisha alilirudisha mjini na kulivunja bunge. Zanzibar mfalme hakuwa na jeshi. Serikali ya Shamte haikuwa na jeshi kabisa. Ilikuwa na polisi tu, na wengi wa polisi hao walikuwa watu wa asili ya Bara, ambao serikali haikuwaamini na ikaanza kuwaachisha kazi. Ukimwachisha kazi mtu anayejua ghala la silaha liko wapi na linafungwa vipi, umempa sababu na njia kwa pamoja. Lakini kinachofanana ni pale serikali iliposimama. Serikali ya aina hii husimama kwenye kizingiti, na mtu wa kizingitini husukumwa na wanaotoka na wanaoingia.

Kwenye karatasi ilikuwa mageuzi. Tusidanganyane hapo. Mtu asiye wa ukoo wa kifalme, asiye Mwarabu, mwalimu kutoka kisiwa kidogo ambacho Unguja ilikuwa ikikitazama kama shamba lake, aliongoza nchi kwa kura. Sultani alibaki na heshima lakini bila ya kauli ya kutawala. Katika utawala ulioanza kwa majahazi ya Oman, hilo si jambo dogo.

Ila katika vitendo serikali ilikuwa nzito kuinuka. Bei ya karafuu ilikuwa imeshuka, hazina ilikuwa nyembamba, na badala ya kuwagusa wenye mashamba makubwa ilibana matumizi. Unguja kulikuwa na maskwota, watu waliolima katika ardhi ya wengine, na baada ya uchaguzi wa 1957 wengi walifukuzwa na wenye mashamba kwa sababu ya kura zao. Serikali ya mageuzi ingeanza hapo. Hii haikuanza hapo. Ilichoharakia ni kuwaziba midomo wapinzani. Mwanzoni mwa Januari 1964 ilikipiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Babu, ambaye alikuwa ametoka Hizbu mwaka uliotangulia, naye akavuka kwenda Dar es Salaam. Siku chache tu baadaye serikali yenyewe haikuwepo. Serikali iliyoingia kwa sanduku la kura ilitumia mwezi wake mmoja wa uhuru kupunguza vyama na polisi. Mie siwezi kuitetea katika hilo, na sijaribu.

Kuna jambo moja dogo lakini linanigusa kama mwanafunzi wa fasihi, nalo ni bendera. Bendera ya zamani ya Sultani ilikuwa nyekundu tupu. Ile iliyopandishwa tarehe 10 Desemba ilikuwa nyekundu, katikati ina duara la kijani, na ndani ya duara karafuu mbili za rangi ya dhahabu. Ilipepea siku 33. Ukiisoma kama matini, inasema mengi kuliko hotuba. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, sehemu kubwa ya karafuu za nchi imetoka Pemba. Kwa hiyo, kwa siku 33, Pemba ilikaa katikati ya bendera. Mara ya kwanza nilipoiona picha yake nilifurahi kama mtoto. Mara ya pili nikaona kitu kingine: karafuu zipo, mchumaji hayupo. Hakuna mkono. Zimechorwa zikielea peke yake, kama kwamba zimejichuma. Ukitaka kuielewa serikali ile, shida yake yote imo mle ndani ya duara.

Msomaji anaweza kuuliza: kama ndivyo, kwa nini Wapemba wengi waliipigia kura? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba walidanganywa, au kwamba walikuwa wakimpenda Mwarabu. Jibu hilo ni la kivivu. Pemba mgawanyo wa ardhi ulikuwa tofauti na Unguja. Mshirazi wa Pemba aghalabu alikuwa na mikarafuu yake mwenyewe, kumi au hamsini, si kitu, lakini ni yake. Mwarabu wa Pemba naye wengi wao hawakuwa mabwana wa kasri. Walikuwa wakulima wenye miti zaidi kidogo, walioishi kijiji kimoja na Mshirazi, wakioana naye na kuswali safu moja. Mtu kama huyo ukimwambia "tuwang'oe mabwana" anatazama huku na huku kumtafuta bwana, na anaweza kujikuta anamtazama mjomba wake. Alichoogopa si utumwa wa jana. Aliogopa kupoteza miti yake, na Zipipi walimwahidi kwamba haitapotea. Hofu hiyo ina historia na ina mantiki, na ni hofu ya tabaka, ila si la mtumwa wala la bwana, ni lile la katikati.

Na hapa ndipo ninapoingia katika uhakiki. Riwaya zetu kubwa za miaka ya sabini na themanini ziliandikwa kwa nadharia ya matabaka mawili: mwinyi na mtwana, tajiri na fukara. Sizidharau. Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi (1978) nimeisoma mara nne na kila mara napata kitu kipya. Lakini angalia muundo wake: kuna kasri, kuna watumishi na wafanyakazi wa shamba, kuna dhuluma, kisha Mapinduzi yanakuja na kasri inaanguka. Ndani ya ulimwengu huo Fuad anamiliki kila kitu, kwa hiyo hakuna nafasi ya bunge. Ukimwingiza Waziri Mkuu wa Kishirazi, aliyechaguliwa, mwalimu wa skuli, hadithi inachafuka. Msomaji ataanza kuuliza maswali: huyu ni mwinyi au ni mtwana? Amepigiwa kura na nani? Kwa nini? Na kila swali linaipunguza kasi ile ya kuendea Mapinduzi ambayo ndiyo injini ya riwaya. Kwa hiyo fani yenyewe iliwataka waandishi waziruke siku zile. Sidhani kila mara ni woga wa dola, ingawa woga ulikuwepo. Riwaya ya uhalisia wa kijamaa haikuwa na kiti cha kumkalisha mtu kama Shamte.

Said Ahmed Mohamed ananishangaza zaidi, kwa kuwa yeye kazaliwa Pemba, mwaka 1947. Alikuwa kijana wa miaka 16 siku zile. Katika Asali Chungu (1977) na Dunia Mti Mkavu (1980) anayachora madhila ya kabla ya Mapinduzi kwa ukali ambao sijauona kwa mwingine. Lakini serikali ya mtu wa kisiwa chake mwenyewe sikukutana nayo humo. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976) inazungumzia ardhi, urithi na dhuluma ya ukoo kwa undani sana. Ukimsoma Sulubu unaisikia harufu ya udongo. Ingeweza kuwa mlango wa kuingilia siasa za zama zile. Imeishia mlangoni. Hata Adam Shafi aliporudi na Vuta N'kuvute (1999), na vyama vingi vimekwisha kurudi, alirudi kwenye mapambano dhidi ya Mwingereza, na katika Haini (2003) akarukia vizuizi vya baada ya kuuawa Karume mwaka 1972. Katikati pana shimo.

Aliyelikaribia shimo hilo ni Abdulrazak Gurnah, naye kwa Kiingereza na kwa mbali. Katika Desertion (2005) Rashid anaondoka Zanzibar kwenda kusoma Uingereza muda mfupi kabla ya uhuru, kwa hiyo uhuru na Mapinduzi vyote vinamkuta huko, kama habari. Ni ujanja mzuri wa kisanaa, lakini ni ujanja wa kutokuwepo.

Wapo pia waliosimulia siku hizo kwa kalamu ya kumbukumbu, na hao ni watu wa uhamishoni. Ali Muhsin aliandika yake, ikachapishwa Dubai mwaka 1997. Huko mambo yanageuzwa kichwa chini: nchi ilikuwa imetulia, watu wanapendana, kisha wageni wakaja wakaivunja. Nimejaribu kuwa msomaji mwadilifu, lakini nakiri kwamba wale waliokufa Juni 1961, na wale maskwota waliofukuzwa, wanapita upesi mno katika masimulizi ya upande huo. Basi tuna vitabu vya aina mbili. Vya kwanza vinaziruka siku 33 kwa sababu zinaharibu hadithi ya ukombozi. Vya pili vinazipamba kwa sababu ndizo pepo iliyopotea. Hakuna hata kimoja kinachomwonesha Waziri Mkuu akiwa mezani usiku, mbele yake bajeti isiyotosha, nyuma yake mshirika mwenye viti 12 anayemwambia la kufanya, na nje nusu ya nchi na zaidi haimtaki.

Rasimu ya makala haya nilimpa mwenzangu mmoja aisome kabla ya kuileta kwa wahariri. Yeye ni wa mashamba ya Unguja. Aliisoma kimya, akairudisha, akaniuliza: "Kwa hiyo babu yangu alikuwa nini? Muasi aliyevunja serikali ya kura?" Babu yake alikuwa skwota. Alifukuzwa shambani mwaka 1958 na mihogo yake ikang'olewa. Baada ya Mapinduzi alipewa eka tatu. Familia yao bado inalima hapo. Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia kwamba asilimia 54 walikuwa na haki ya kukasirika, na kwamba mtu mwenye njaa haulizi viti vimegawanywaje. Akasema, "Sasa andika hilo." Nimeliandika. Naye akaniuliza la pili, kwa upole zaidi: baada ya 1964 kwenu kulikuwaje? Nikamweleza niliyoyasikia: foleni za chakula, watu kuchapwa hadharani, zile ambazo wazee wa Pemba wanaziita siku za bakora. Alikuwa hazijui. Amesoma Zanzibar miaka 13, kuanzia darasa la kwanza, na alikuwa hazijui. Tulikaa pale kantini mpaka chai ikapoa. Mimi nilikuwa sijui ya mihogo, yeye alikuwa hajui ya bakora, na sote wawili tuna alama A ya riwaya ya Zanzibar.

Kwa hiyo nikiulizwa riwaya hiyo ingeandikwaje, nasema isianze ikulu wala isianze Ziwani. Ianze Chake, Januari 1961, kwa ile kura moja. Iwe na mwanamke anayepiga kura kwa mara ya kwanza na hataki kumwambia mumewe kachagua nani. Iwe na polisi wa Bara aliyekaa Unguja miaka 15, ana mke wa Makunduchi, anapewa barua ya kuachishwa kazi. Iwe na mwalimu anayepandishwa cheo mpaka akafika mahali ambapo hakuna tena mwanafunzi wa kumsikiliza. Asiwepo Fuad. Fuad tumekwisha mwona. Na asiwepo mtu anayejua kwamba tarehe 12 Januari inakuja, kwani mwaka 1963 hakuna aliyekuwa akiijua, ila wachache waliokuwa wakiipanga.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani ukiwa msimu. Bibi alikuwa amekaa kwenye jamvi anachambua karafuu, akitenga makonyo, mikono inakwenda yenyewe. Nilikaa naye, nikamuuliza kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kura yake ya Januari 1961 alimpa nani. Hakuinua uso. Nikamwambia, bibi, ni miaka zaidi ya sitini, Sultani mwenyewe keshakufa, Waziri Mkuu keshakufa, Karume keshakufa. Akaendelea kuchambua. Nikadhani hakusikia, nikarudia.

"Nimekusikia," akasema. "Babu yako pia aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Kaka yako yuko nje?" Nikamwambia hayupo. "Na mlango?" Nikainuka nikaufunga. Akanitazama kwa muda, kisha akasukuma rundo jingine la karafuu upande wangu, akanambia niache maswali nimsaidie kuchambua kabla jua halijatua.